Bado Mpigapicha na Hesabu Tisa

Uongo wangu mimi ni mkubwa, hauna pa kujificha, mtautambua ukipita. Yaliyobaki ni kweli, na kweli yenyewe ni hii ya mpigapicha tunayemwita Bado.

Jina alilopewa na mama yake silijui, na nadhani hata yeye siku hizi akiitwa kwalo hageuki. Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, begi jeusi ubavuni kama aliyezaliwa nalo. Hilo la Bado lilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Atawapanga, mtavuta matumbo ndani, mtatabasamu mpaka meno yakauke, mtu atauliza, "Tayari?" naye atajibu, "Bado." Kuna bwana harusi mmoja aliingia kwake kidevu laini kama yai, akatoka na ndevu. Mimi nilikuwepo. Ndevu nilizishika.

Kazi hiyo hakuisomea popote. Alianza kwa kufagia studio ya mzee mmoja wa kikohozi, enzi zile picha zinatoka kwenye maji ya dawa na kuanikwa kwa vibanio kama soksi. Zilizoharibika zilitupwa sakafuni, na wa kuzizoa ni yeye. Badala ya kuzimwaga jalalani, alikuwa anachuchumaa nazo uani, moja moja, akijiuliza: huyu kaharibikia wapi? Huyu kafumba macho. Huyu kakatwa paji la uso. Huyu mwanga umempiga kutoka chini, kawa mchawi. Mwaka mzima hakuona picha nzuri, maana nzuri zilichukuliwa na wenyewe. Siku kikohozi kilipomlaza mzee, na familia nzima imeshakaa kwenye viti, mzee akamwambia, "Shika wewe, ila usiharibu." Akashika. Hakuharibu. Njia zote za kuharibu alikuwa ameshazifagia.

Mimi sikumtaka nyumbani kwetu. Hilo niliseme mapema kabla mtu mwingine hajanisemea. Mjukuu wangu wa pili alipopata mchumba, ombi lake lilikuwa moja tu, atafutwe mpigapicha wa kazi. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, simu humu ndani zimezidi nzi. Mjomba wako ana simu kubwa kama sinia. Mpigapicha wa nini?"

"Bibi, umesahau harusi ya dada?"

Sikuwa nimesahau. Harusi ya dada yake tulipigana picha wenyewe kwa wenyewe. Kila mtu alipiga, kwa hiyo hakuna aliyepigwa. Tulipata visogo. Tulipata simu zinazopiga picha simu. Keki ilipigwa pande zote nne kama mshitakiwa. Baba yao, ambaye ni mwanangu, alikuwa mzima siku ile, alicheza mpaka akavua koti. Katika mamia yale ya picha yumo katika moja, na yenyewe imechukua sikio. Sikio zuri, la marehemu baba yake kabisa, lakini ni sikio. Miezi minne baadaye kiharusi kikamwangusha bafuni. Upande wa kushoto ukalala. Mkono ukaning'inia, na mdomo ukavutika kama shati lililofungwa kifungo kisicho chake.

Toka hapo akakataa picha za kila namna. Hata ile ya kadi ya hospitali aligeuza shingo. Na binti yake alipomletea habari za harusi alimwambia wazi, mimi nikiwepo:

"Ukumbini siendi. Sitakwenda kukalishwa mbele ya wakwe kama gunia, watu waulizane limeletwa na nani. Hapa nyumbani nitapiga picha moja na wewe, nikiwa nimesimama. Nikishindwa kusimama, hakuna picha, na usinibembeleze."

"Sawa, baba. Moja inatosha."

"Nimesimama."

"Umesimama, baba. Nimesikia."

Basi ikawa hivyo. Picha moja, amesimama, au binti aende kwa mumewe bila hata kivuli cha baba yake.

Wakaanza mazoezi. Kila jioni, daktari wa mazoezi akishaondoka, binti anamnyanyua baba yake pale sebuleni, anamwachia, anahesabu. Wiki ya kwanza tatu. Ya pili tano. Wakasukuma hivyo mpaka wakafika kumi na nne. Ya kumi na tano goti la kushoto lilikuwa linaondoka bila kuaga. Mimi nilihesabu kwa vidole vya mikono, na vilipokwisha nikahamia vya miguu.

Siku mbili kabla ya harusi Bado akaja. Hakufungua begi. Alisimama sebuleni anaangalia ukuta, anaangalia sakafu, anaangalia ukuta tena. Nikamwuliza kama anataka kupanga chumba.

"Natazama jua, bibi. Hapa linaingia saa ngapi, linaondoka saa ngapi?"

"La nyumba hii haliondoki. Tumelifunga kamba."

Akacheka, lakini akavuta kiti akakaa. Alikaa mpaka saa sita mchana, na kila mwanga wa dirisha uliposogea aliinama akachora mstari wa chaki sakafuni. Kisha akamweleza mjukuu wangu: kuanzia saa nne mpaka saa nne na nusu mwanga unafika mstari wa tatu. Baba akisimama hapo, shavu la kulia litapata mwanga na la kushoto litakaa kivulini. Wewe utasimama upande huo wa kivuli, gauni lako jeupe limrudishie mwanga kidogo, kidogo tu.

"Na taa ya kamera?" mjukuu akauliza.

"Siiwashi. Ikimulika atashtuka, na goti lake halitaki kushtuliwa. Anasimama kwa hesabu ngapi?"

"Hamsini," nikasema mimi.

"Kumi na nne," akasema mjukuu.

Bado akamwamini mtoto. Nilinuna mpaka jioni.

Siku yenyewe alifika saa mbili asubuhi. Kitu cha kwanza akaomba mtu wa kimo cha mwanangu. Tukamwita fundi seremala wa jirani, tunayemwita Ngazi, maana hapa mtaani wao wawili ndio warefu peke yao. Wakipiga chafya kule juu, sisi huku chini tunaisikia kesho yake. Ngazi akasimamishwa kwenye mstari wa chaki. Mwanangu alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, suti tayari, mlango umerudishwa.

Tukapangwa kumzunguka fundi. Bibi harusi kushoto kwake, mama yake nyuma, mimi kwenye kiti mbele.

"Bibi, kidevu."

"Kidevu changu kimefanya nini?"

"Kimetangulia."

Nikakirudisha. Bado alipiga, akaangalia, akatusogeza nusu hatua, akapiga tena. Mara saba. Mjukuu wangu akawa na picha nyingi na seremala kuliko na mchumba wake. Kila mmoja akaambiwa pa kuweka mguu na pa kuweka macho, na tukaonywa kwamba baba akishafika, hakuna kumwangalia wala kumgusa. Macho kwenye kamera, basi.

Kisha Ngazi akapewa kazi ya pili. Alitakiwa alale chini nyuma ya gauni na kigoda mkononi, goti likiondoka yeye akisukume kigoda. Alilala, miguu ikatokea upande wa pili. Tukamkunja. Ikatokea tena. Tukamkunja mara ya pili.

"Mmenikunja kama futi yangu ya kupimia mbao," akasema chini ya kitambaa.

"Nyamaza," Bado akamwambia. "Gauni halisemi."

Ilikuwa saa nne kamili. Mwanga ulikuwa umegusa mstari wa tatu. Bado akaingia chumbani kumchukua mwanangu, nami nikaingia nyuma yake, maana sijaalikwa. Hakumtazama uso. Alichuchumaa akatazama viatu. Vilikuwa vipya, vinang'aa, alivichagua mwenyewe.

"Kaka, mazoezi ulifanya na hivi?"

"Peku."

"Umevijaribu?"

"Si niliambiwa miguu haitaonekana?"

"Picha haitaviona. Miguu itaviona. Hebu simama hapahapa kwanza."

Akasimama. Nikahesabu kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu, na ya nne kiatu cha kushoto kikateleza kwenye saruji kama kipande cha sabuni. Tukamdaka, mimi mkono, Bado kiuno. Alipokaa hakututazama. Aligeukia ukuta.

"Nilisema," akasema. "Nikishindwa, hakuna picha."

Nje ya mlango gauni la mjukuu wangu likachakacha kidogo, kisha likanyamaza. Alikuwa amesikia. Mama yake naye alikuwa amesikia. Na jua la dirishani linatembea zake.

Bado hakumbembeleza. Alimvua viatu vyote viwili, akatoka navyo, akamrushia Ngazi pale chini.

"Msasa unao?"

Fundi gani anatoka nyumbani bila msasa. Ngazi akaketi sakafuni akaanza kukwaruza soli, sauti ikajaa nyumba nzima. Kwaru, kwaru, kwaru. Mwanangu bado kaelekea ukuta, lakini shingo ilikuwa inasikiliza. Mwisho akauliza, "Mnafanya nini huko?"

"Tunavizeesha," Bado akajibu kutoka sebuleni.

Halafu nikaona mguu wa kulia, ule mzima, umenyooshwa mbele unangoja kiatu. Yeye mwenyewe alikuwa hajageuka, ila mguu ulikuwa umekubali.

Tukamjaribu tena. Tisa. Tano kati ya zile kumi na nne za jioni zilikuwa zimeishia kwenye ule mtelezo na hasira yake. Mjukuu wangu alisimama mlangoni na maua yake.

"Tisa zinatosha?" akanong'ona.

"Zinatosha," Bado akasema, na hapo ndipo nilipomwona akifuta kiganja kwenye sketi. Saa nne na dakika ishirini.

Sasa ndipo akaingia Mjomba Simu. Ni kaka wa mke wa mwanangu, mtu wa moyo safi, tatizo lake ni lile sinia lake. Alipita moja kwa moja akasimama dirishani, mgongo umeziba kioo, na mwanga wote wa mstari wa tatu ukazimika.

"Shemeji atoke sasa," akasema. "Namrusha moja kwa moja. Waliotangulia ukumbini na ndugu wa mbali, watu sitini wananingoja humu kwenye simu."

Mwanangu alikuwa ameshafika mlangoni, ameegemea bega la binti yake. Aliposikia watu sitini, alisimama palepale. Mtu anayeogopa kuanguka mbele ya watu watano, unamletea sitini.

Mke wake akasema kwa upole, "Kaka, leo kuna mpigapicha."

"Mimi nilishaambiwa ni mimi. Muulize mama."

Mama ndiye mimi. Wiki mbili nyuma, katika kunung'unika kwangu, nilikuwa nimemwambia njoo na simu yako, achana na huyo mwanamke wa begi. Kila jicho likanigeukia, na la Bado lilikuwa la mwisho kuondoka. Halikuwa na hasira. Lilikuwa linaangalia saa ya ukutani nyuma ya kichwa changu.

"Mjomba," nikasema, "hivi gari lako si lile jekundu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ndilo lile linalovutwa kule kona."

"Linavutwa na nani?"

"Na lori, kwa mnyororo. Dereva wake kavaa kofia yako, ile uliyoiacha kwenye kiti."

Alitoka mbio. Mwanga ukarudi mahali pake, umepungua, umebaki upana wa mtu mmoja.

"Twende," Bado akasema.

Hatua nane. Kiatu kilichozeeshwa kilikuwa kinakwaruza sakafu, na sauti ile ilikuwa tamu kwangu kuliko ngoma. Alifika kwenye chaki. Binti akamweka sawa, akaachia, akarudi mahali pake. Ngazi yuko chini ya kitambaa, hata pumzi haisikiki.

Moja.

Mwanangu alikuwa ameinamisha macho sakafuni. Taya limekazwa. Alisimama kama mtu aliyebebeshwa kabati.

Mbili. Tatu.

"Tayari?" mke wake akauliza bila kufungua meno.

"Bado."

Nne. Jasho likatokea juu ya sikio. Kamera iko usoni kwa Bado, kidole kiko juu ya kitufe, na kidole hakishuki. Nikasema, piga, mwanamke wewe. Nadhani nilisema moyoni.

Tano.

"Kaka, macho kwangu," Bado akasema taratibu. Akayainua. Yalikuwa macho ya mtu anayeangalia kilindi.

Sita. Hakupiga. Huyu mwanamke, nikawaza, kalala amesimama.

Saba. Goti likaanza kutetemeka, suruali ikawa inacheza kama kuna upepo. Hapo mjukuu wangu akafanya kile tulichokatazwa. Aligeuka, akamwangalia baba yake, na mkono ukapita nyuma ya koti.

Mwanangu akamgeukia. "Usinishike," akasema, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ile iliyowafukuza kwenda kuoga wakiwa wadogo. "Nimesimama mwenyewe."

"Sijakushika, baba. Ni gauni hilo."

"Gauni lina vidole?"

Kamera ikalia. Ikalia tena, na tena, mara tatu ndani ya hesabu ya nane.

Tisa. Goti likaondoka. Kigoda kikaja kutoka chini ya gauni kama panya, na mwanangu akatua juu yake kana kwamba walikuwa na miadi. Ngazi akatoa kichwa nje, nywele zimejaa nyuzi nyeupe, akaomba ruhusa ya kupumua.

Hakuna aliyempa. Sote tulikuwa tunamtazama Bado, naye anatazama kile kioo kidogo mgongoni mwa kamera. Mjukuu wangu alikuwa ameshika maua kwa mikono miwili kama usukani.

Bado hakutuonyesha sisi. Alikwenda akapiga goti mbele ya mwanangu, akamwekea kamera mbele ya macho. Mimi nilinyoosha shingo, na shingo yangu ikitaka inafika mbali.

Alikuwa amesimama. Mrefu, koti limekaa, kichwa kimegeuka nusu kumwelekea binti yake, mwanga umempitia shavuni na kwenye jicho. Upande uliolala umeingia kwenye kivuli cha binti, haukufichwa, umetulia tu pale. Mkono wa kushoto uko chini ya maua, huwezi kujua ni nani kamshika nani. Binti anakaribia kucheka. Mama mtu nyuma anakaribia kulia. Mimi mbele, kidevu kimetangulia.

Mwanangu aliangalia muda mrefu.

"Mdomo umepinda," akasema.

"Umepinda," Bado akakubali. "Ulikuwa unagomba."

Akaangalia tena. "Nilikuwa nagomba," akasema polepole. "Huyu mtoto hasikii."

Mjukuu wangu ndipo alipoanza kulia, mama yake akampepea kwa bahasha asiharibu uso. Mimi nilibaki nawaza hesabu zile. Simu yoyote ya humu ndani ingempiga kwenye moja, na tungepata mtu mwenye kabati mgongoni. Bado alijua goti lina tisa, akaziacha saba zipite ovyo mbele ya macho yetu akingoja ile moja, na kama isingekuja tungekuwa tunamtukana mpaka leo. Hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa, na mtu asije akaniambia tena kwamba simu zimejaa nyumbani. Najua zimejaa. Nilizihesabu mimi.

Mlango ukafunguka, Mjomba Simu akaingia anahema.

"Mama, gari liko palepale."

"Basi wamelirudisha. Watu wa siku hizi wana adabu."

Alitutazama, akaona kigoda, akaona Bado anafunga begi. "Imeshapigwa?"

"Imeshapigwa."

Mabega yakamshuka. Aliinua simu nusu, akamkumbuka shemeji yake na masharti yake, akaishusha tena ubavuni. Mwanangu amekaa chini kabisa, kwenye kigoda cha fundi, magoti juu, mdomo vilevile.

"Shemeji," akasema, "hao watu sitini wangalipo humo?"

"Wamebaki kama arobaini."

Mke wake akaacha kupepea.

Mwanangu akachukua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akauweka juu ya paja, akaulaza vizuri. Akanyoosha tai.

"Washa niwaambie wenyewe. Waniwekee kiti huko ukumbini, mbele, karibu na binti yangu." Mjomba akainua simu haraka, naye akamnyooshea kidole. "Ngoja kwanza nikae vizuri."